Ukuta Mweupe Uliotoka Mikokoni

Mapema mwaka 1939, bumu la Kuwait lililoitwa Bayan liliingia kwenye mito ya delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Nahodha wake alikuwa Ali bin Nasir al-Najdi, na miongoni mwa waliokuwamo chomboni ni baharia na mwandishi kutoka Australia, Alan Villiers, ambaye mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha safari hiyo, Sons of Sinbad. Kazi ya kupakia ilikuwa ya kuumiza: joto, mbu, tope linalomeza miguu, na shehena nzito ya miti iliyokuwa ikisubiriwa na wajenzi wa Ghuba, ambako misitu ni adimu.

Ukitaka historia ya ukuta mtupu, anzia kwenye shehena hiyo.

Leo anayepamba nyumba yake Kibiti mjini, si mbali na delta hiyo, au Dar es Salaam huonyeshwa kwenye simu picha za sebule nyeupe: ukuta mmoja, fremu moja, na ndani yake mstari mweusi au duara tupu. Mtindo huo wa uchache, minimalizimu, huuzwa kama kitu cha kigeni, na kwa sehemu ni kweli. Hata hivyo pwani ya Waswahili iliishi na kuta nyeupe, tulivu, kwa karne nyingi kabla ya New York kuzipa jina, na mikoko ya Rufiji ilichangia zaidi ya wanavyodhani wengi.

Mikokoni miti hutajwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Fito na pau hushika udongo wa kuta za nyumba za vijijini. Boriti ilikwenda kwenye majumba ya mawe, ikapangwa juu ya kuta kwa nafasi zinazolingana, kisha ikabebeshwa dari la mawe na chokaa. Mzigo huo ni mkubwa, na mti una kikomo chake. Ndiyo maana vyumba vya majumba ya kale ya pwani vingi vina upana wa mita 2.5 hadi 3 tu, hata pale urefu wake unapozidi hapo mara mbili. Magofu ya Kua, kwenye kisiwa cha Juani huko Mafia, mkabala na delta yenyewe, yana vyumba vya namna hiyo. Nyumba za zamani za Ghuba zilizoezekwa kwa boriti za Afrika Mashariki nazo zikafuata kipimo kilekile. Fundi hakuchagua wembamba kwa urembo. Mti ndio uliompimia.

Biashara hiyo ilikuwa na thamani kiasi kwamba Wajerumani waliiwahi mapema. Mwaka 1898 waliifanya mikoko ya delta kuwa msitu wa hifadhi wa serikali, na Salale, humo deltani, ikawa kituo cha misitu. Walitaka boriti, na walitaka pia magome, yanayotoa dawa ya kusindika ngozi.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana. Weupe wenyewe wa ukuta ulipitia kwenye moto wa magogo, na ya mikoko yalipendwa kwa sababu huwaka kwa joto kali. Magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakawekwa juu, tanuri likawashwa. Mawe yaliyoiva yakazimwa kwa maji, yakageuka chokaa laini ya kupiga lipu na kupaka. Kwa hiyo mikoko ilishika dari na ikasaidia pia kuupa ukuta rangi yake.

Lakini si haki kudai kwamba kuta hizo zilikuwa tupu kabisa. Lamu, katika majumba ya karne ya 18, chumba cha ndani kilikuwa na safu za zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizopangwa hadi karibu na dari, na humo vikawekwa vyombo vya kauri vilivyovuka Bahari ya Hindi. Tajiri hakuficha utajiri wake. Kinachovutia ni kwamba nakshi za lipu zilibaki nyeupe juu ya weupe, bila rangi ya pili. Mchoro ulionekana kwa kivuli chake tu, na ulibadilika kadiri mwanga ulivyohama. Katika chumba chembamba kiasi hicho ukuta uko karibu mno na uso wa aliyeketi, na rangi nyingi zingemlemea.

Ulaya ilifika hapo kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1915, mjini Petrograd, Kazimir Malevich alitundika mraba mweusi kwenye pembe ya juu ya chumba, mahali ambapo Warusi huweka picha takatifu. Mwaka 1918 akachora mraba mweupe juu ya weupe. Mwaka 1925 msanifu Le Corbusier alitaka karatasi za urembo zibanduliwe na kuta zipakwe nyeupe tupu. Kisha ikaja zamu ya New York. Frank Stella, akiwa na umri wa miaka 23, alionyesha mwaka 1959 picha zake nyeusi zenye mistari mipana kama brashi ya mpaka rangi wa nyumba. Jina la sanaa hiyo lilienea baada ya mwanafalsafa Richard Wollheim kuandika juu yake mwaka 1965, na mwaka uliofuata Jewish Museum ya jiji hilo ikafanya maonyesho makubwa, Primary Structures.

Huyo Stella anastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa upana wa mstari wake uliamuliwa na brashi, si na hisia. Donald Judd naye, kuanzia mwaka 1965, alipachika ukutani visanduku vinavyofanana, kimoja juu ya kingine, na nafasi zinazolingana kati yake. Anayelala chali chini ya dari la boriti ataitambua mara moja nidhamu hiyo: umbo moja, nafasi moja, kurudia hadi mwisho. Tofauti ni kwamba Judd alijiwekea sharti mwenyewe, na fundi wa pwani alipewa sharti na msitu.

Nyumba mpya za Kibiti hazifungwi tena na boriti. Tofali za saruji, mbao na bati zimefungua vyumba vipana, na ukuta mpana unaomba kitu. Delta ina jibu zuri ambalo halihitaji kuagizwa mbali: mkeka wa ukindu. Ukili, yaani utepe wa majani hayo, husukwa kwa mkono, kisha vipande vyake hushonwa kimoja baada ya kingine, vyote kwa upana uleule. Mkeka usiotiwa rangi, au wenye milia michache, ukitundikwa peke yake unastahimili kulinganishwa na turubai yoyote ya dukani.

Chokaa nayo haijapitwa na wakati. Juu ya ukuta wa matumbawe, saruji na rangi ya plastiki huzuia unyevu kutoka, chumvi ikajikusanya na lipu ikabanduka. Chokaa huruhusu ukuta kupumua. Ujuzi huo ulihitajika Kilwa Kisiwani, kusini mwa delta, ambako magofu yaliingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Yalikarabatiwa, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo.