Deki Nne kwa Albamu Moja

Wayne Coyne, mwimbaji wa The Flaming Lips, bendi ya Oklahoma City huko Marekani, amewahi kusimulia jambo alilolisikia ujanani katika maegesho ya magari nje ya onyesho la muziki. Watu walikuwa wakipiga muziki kwenye magari yao, na kwa bahati magari kadhaa yakawa yanapiga wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Sauti ikawa inamjia kutoka pande zote. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na pengine hakuna mwingine aliyelitilia maanani, lakini yeye alilihifadhi kwa miaka mingi.

Alilirudia mwaka 1996, wakati bendi yake ilipokuwa na sababu zote za kukata tamaa. Ilikuwa imeanza mwaka 1983, na kwa muda mrefu muziki haukumlisha: Coyne alikaanga samaki kwa zaidi ya miaka kumi katika mgahawa wa Long John Silver's. Kisha kampuni ya Warner Bros. ikawachukua, na mwaka 1994 wimbo wao «She Don't Use Jelly» ukawafikisha kwenye televisheni. Albamu iliyofuata, ya 1995, haikuuza kama ilivyotarajiwa, na mpiga gitaa wao, Ronald Jones, akaondoka. Walibaki watatu: Coyne, Michael Ivins wa besi, na Steven Drozd, mpiga dramu ambaye gitaa na kinanda navyo vinamtii.

Bendi nyingine ingetafuta mpiga gitaa. Coyne alitengeneza kaseti, kila moja na sehemu yake ya muziki. Akawaita watu waje na magari yao kwenye jengo la maegesho, akawagawia kaseti, akahesabu, na wote wakabonyeza pamoja. Machi 1997 walifanya hivyo Austin, Texas, wakati wa tamasha la South by Southwest, kwa magari kama 30, na umati ukawa unazunguka katikati ya magari. Aliyesimama penye gari moja alisikia wimbo mmoja. Akipiga hatua tano, anasikia mwingine. Hapakuwa na jukwaa la kutazama.

Machi 1997 mimi naikumbuka kwa jambo jingine. Tarehe 15 ya mwezi huo Kisangani, mji wa nchi yetu ya Zaire, Kongo ya leo, iliingia mikononi mwa AFDL, jeshi la waasi la Laurent-Désiré Kabila. Sisi watu wa Bukavu, ambao mji wetu ulikuwa umechukuliwa mwishoni mwa Oktoba 1996, tulijua hakuna tena wa kuizuia safari yao ya kwenda mji mkuu, Kinshasa. Nilikuwa nimeshavuka Ziwa Tanganyika, niko Kigoma kwa mama mdogo, na kila jioni tuliizunguka redio yake kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Watu wazima walikaa kwenye viti, sisi vijana tukachuchumaa mlangoni, na jina la kila mji lilipotajwa palikuwa na mtu mwenye ndugu huko.

Coyne naye alisikia habari zetu kwa redio. Taarifa kuhusu machafuko ya Zaire ilimkaa kichwani, akaliunganisha jina la nchi na «eureka», ukelele wa Kigiriki wa mtu aliyevumbua jambo, akapata jina la albamu: Zaireeka. Kwake Zaire ilikuwa alama ya utaratibu uliovunjika, na eureka ni ile furaha ya kuvumbua. Albamu ilitoka tarehe 28 Oktoba 1997. Kufikia siku hiyo jina la Zaire lilikuwa limeshafutwa tangu tarehe 17 Mei, na Mobutu, aliyekuwa rais wake, alikuwa amekwisha kufariki huko Rabat, mwezi Septemba.

Zaireeka ni sidii nne. Nyimbo ni nane, na kila sidii inazo zote nane, lakini kila moja imebeba sehemu tu ya sauti. Ili uisikie kamili unahitaji deki nne, spika za deki nne, na vidole vinne vinavyobonyeza kwa pamoja. Sidii ya kawaida ina njia mbili za sauti, ya kulia na ya kushoto. Hapa kuna nane. Dave Fridmann, fundi wa sauti aliyefanya kazi na bendi hii kwa miaka mingi, aliirekodi pamoja nao katika studio yake ya Tarbox Road, huko Cassadaga, jimbo la New York. Meneja wao, Scott Booker, ndiye aliyeishawishi Warner Bros. ikubali kutoa kitu ambacho hakuna duka ambalo lingejua namna ya kukipiga mbele ya mteja. Namheshimu sana mtu huyo. Wasanii wenye mawazo makubwa ni wengi; wanaokwenda kuyatetea ofisini, mbele ya wenye fedha, ni wachache.

Mambo haya yalikuwa na watangulizi. Mwaka 1951 John Cage alitunga kazi ya redio 12, kila redio ikiwa na watu wawili, mmoja wa kutafuta stesheni na mmoja wa kuongeza na kupunguza sauti. Karlheinz Stockhausen aliwaweka wasikilizaji katikati ya okestra tatu mwaka 1958. Katika miaka ya 1970 makampuni yalijaribu kuuza santuri za njia nne za sauti, lakini kila kampuni ikaja na mfumo wake usioelewana na wa mwenzake, na biashara ikafa kabla muongo haujaisha. Tofauti ya Zaireeka ni kwamba haikudai mtambo mpya wala ukumbi. Ilidai vitu ambavyo watu walikuwa navyo tayari nyumbani, isipokuwa kwamba hakuna nyumba iliyokuwa navyo vyote. Ilibidi ukaazime kwa jirani, na jirani akija na deki yake, amekuja kusikiliza.

Sisi tuliisikiliza Tabata, Dar es Salaam, nyumbani kwa shemeji yangu. Mimi ni fundi mitambo wa kumbi za harusi, kwa hiyo spika hazikunisumbua. Kazi ilikuwa kupata deki. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya shemeji, iliyofungwa kwenye sabufa lake. Jirani wa geti la pili alileta yake ikiwa imefungwa kwenye kanga, na ya nne ilikuwa redio kubwa ya kaseti na sidii ambayo mama mkwe alikuwa akisikilizia kwaya. Tulizipanga mbili sebuleni, moja chumbani na moja koridoni, tukavuta waya wa umeme kupitia dirishani. Nilihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, sasa.

Redio ya mama mkwe ilichelewa kusoma sidii. «Shemeji, hii ya kwangu imetangulia,» shemeji akaita kutoka chumbani. Jirani akamjibu, «Iache, kaka, sikiliza kwanza.» Alikuwa sahihi. Dramu ya Drozd ilikuwa inagonga sebuleni na kujibiwa koridoni, kinanda kinatoka chumbani kama kimesahauliwa humo, na sauti ya Coyne, ile sauti yake nyembamba inayopanda mpaka karibu ikatike, ikapita mlangoni na kurudi. Watoto waligundua kabla yetu kwamba ukikimbia kutoka sebuleni hadi chumbani unasikia mambo mawili tofauti, wakawa wanakimbia. Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama pale koridoni panapokutana milango yote, akainamisha kichwa kidogo. «Hapa ndipo ulipo wimbo,» alisema. Tukahamia wote pale.

Niwaeleze kinachotokea, maana ndiyo kazi yangu na naipenda. Ndani ya kila deki kuna kipande kidogo cha kwatzi kinachotetema na kupima muda, ili mtambo usome vipande 44,100 vya sauti kwa kila sekunde katika kila njia. Hakuna kwatzi mbili zinazotetema sawasawa kabisa. Kwatzi moja ikiizidi nyingine kwa sehemu moja tu katika 10,000, wimbo wa dakika tano utaisha huku deki hizo zikiwa zimeachana kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo pengo hilo ni sawa na kuichukua spika moja na kuirudisha mita kumi nyuma. Yaani nyumba inatanuka polepole huku wimbo unaendelea. Ongeza uzito wa vidole vya watu, uchakavu wa deki, pazia zito la sebuleni, na utaona kwa nini Zaireeka ya Tabata haijawahi kusikika popote pengine. Fundi wa studio hutumia maisha yake kuziondoa tofauti za namna hiyo. Hapa zimepewa nafasi ya kuwa ala.

Wimbo mmoja, «How Will We Know?», una milio ya juu sana na ya chini sana kiasi kwamba albamu yenyewe inaonya kwamba inaweza kumvuruga msikilizaji, na kwamba isisikilizwe na anayeendesha gari. Kabla ya wimbo huo tuliwatoa watoto nje.

Sasa, kuhusu jina. Vurugu zilikuwepo, siwezi kuzikana. Januari 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti mpya za zaire 5,000,000, wafanyabiashara wakazikataa, na Kinshasa ikaporwa. Lakini mtu aliyeisikia Zaire kwa redio tu alisikia nusu. Serikali iliacha kuwalipa walimu, wazazi wakachanga kila mwezi, shule zikaendelea. Mimi nilisomeshwa kwa mchango huo. Tulikuwa na msemo wa «Kifungu cha 15», sheria isiyoandikwa: jitafutie njia. Kila mtu aliujua, na watu waliutekeleza pamoja, kwa kuangaliana na kuhesabiana. Kwa hiyo naliona jina la albamu hii kuwa la kweli kuliko Coyne mwenyewe alivyojua. Alikusudia machafuko, akatengeneza kitu kisichofanya kazi mpaka watu wanne waelewane wenyewe lini waanze.

Wakati Zaireeka ilipotoka, jarida la muziki la Pitchfork liliipa alama 0.0. Mark Richardson, aliyekuja kuwa mhariri mkuu wa jarida hilohilo, ameiandikia kitabu kizima. Sehemu ya kazi za studio za kipindi kile ndizo zilizozaa The Soft Bulletin ya 1999, albamu iliyoipa bendi heshima inayoishi nayo hadi leo, na ukizisikiliza kwa kufuatana unasikia jinsi walivyojifunza kwenye sidii nne namna ya kuipanga sauti iwe na mbali na karibu. Mwaka 2011 waligawa wimbo mmoja katika video 12 za YouTube, ili watu wauchezeshe pamoja kwa simu zao. Mwaka 2013 Zaireeka ikatolewa kwa santuri nne, na anayeijua sindano ya santuri atakubali kwamba kuziangusha nne kwa wakati mmoja ni kazi ngumu kuliko kubonyeza deki.

Wengi siku hizi huisikia ikiwa imeunganishwa na mtu mmoja kuwa njia mbili, kwa spika za masikioni. Nimeisikiliza hivyo. Nyimbo zipo, na baadhi ni nzuri sana, lakini mtu huyo amekwisha kukuchagulia pa kusimama. Deki za sidii bado zinapatikana Kariakoo, za mitumba. Jaribu kila moja kabla ya kulipa, na usichukue nne za aina moja. Sisi tutairudia Krismasi, na safari hii deki moja itakaa uani.