Jicho: istilahi ya kusoma picha

Wahakiki wa sanaa wana neno la Kiingereza, "gaze", kwa kutazama kulikobeba mamlaka: nani anamtazama nani, kwa haki gani, na anayetazamwa anageuzwa kuwa kitu gani. Mwaka 1975 Laura Mulvey wa Uingereza alilitumia kueleza jinsi filamu za Hollywood zinavyompanga mwanamke awe wa kutazamwa na wanaume, na tangu hapo limeenea hadi kwenye upigaji picha.

Kwa Kiswahili wengi huandika "mtazamo". Halitoshi, maana siku hizi mtazamo ni maoni ya mtu. Mimi nachagua "jicho". Tunatupiana jicho, tunakatana jicho, tunaogopa jicho la husuda; hapo hatusemi tena kiungo cha mwili, tunasema nguvu inayotoka kwa mtu ikamfikia mwenzake.

Lipime neno hili kwa picha za Marc Garanger. Mwaka 1960, katikati ya vita vya uhuru vya Algeria, askari huyu wa Ufaransa aliamriwa kuwapiga wanavijiji picha za vitambulisho. Alipiga takriban 2,000, nyingi za wanawake. Waliamriwa kufunua nyuso zao mbele ya mwanamume wasiyemjua, tena wa jeshi lililokuwa likipigana na watu wao. Tazama picha hizo: chale za wino kwenye paji na kidevu, nywele zilizozoea kufunikwa zikiwa nje, midomo imebanwa, macho yamekaza kwenye lenzi. Jeshi lilitaka sura za kuhesabia watu. Wanawake wakamkata jicho mpiga picha, na jicho hilo lipo hadi leo. Weka "mtazamo" hapo, sentensi inapoa.

Kwa upande mwingine, mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, alikuwa na wateja waliokuja kwa hiari yao, wamependeza. Alitundika nyuma yao kitambaa chenye nakshi. Gauni la maua likikutana na pazia la maua, mwili unazama katika mistari na madoa, picha inaukaribia udhahania. Macho ndiyo yanayomrudisha mtu.

Basi tuandike jicho la kamera, jicho la kiume, jicho la kikoloni. Mtazamo tuuachie maoni.