Upasuaji wa urembo umeenda mrama? Hivi ndivyo unadai fidia Nairobi

Ulilipa doh ukitarajia tumbo flati, sasa umebaki na kovu na uchungu. Kabla hujamwaga mtama TikTok, jua hii: saa inahesabu. Sheria ya Kenya inakupa miaka 3 kushtaki kwa uzembe, na kuripoti daktari hakusimamishi hiyo saa.

Anza na makaratasi. Itisha faili yako ya matibabu kwa barua, na ukitaka nguvu taja kifungu cha 35 cha Katiba. Weka risiti, picha za kabla na baada, na nakala ya fomu ya idhini. Wasee hudhani kusaini hiyo fomu kumewafunga mdomo. Zii. Ulikubali hatari ulizoelezwa, hukukubali uzembe.

Ukitoka Woodley, baraza la madaktari, KMPDC, haliko mbali: ni Woodlands Road, pale Kilimani. Linaweza kumsimamisha daktari ama kufunga kliniki, vile lilifanya 2024 baada ya mwanamke kufariki kufuatia upasuaji wa kutoa mafuta mwilini hapa Nairobi. Lakini doh ya fidia kwa kawaida hutoka kortini ama kwa makubaliano.

Kortini, kutopenda umbo lako jipya hakutoshi, na hapa ndipo kesi nyingi hukwama. Unahitaji daktari mwingine wa upasuaji aandike ripoti akionyesha mwenzake alikosea wapi. Manze, si wengi hukubali, so mtafute mapema. Na kliniki ikikuletea karatasi ya kurudishiwa pesa, usisaini kabla wakili wako hajaisoma.