Rigel: Mguu wa Jauza

Aliyepita chuoni anajua jinsi herufi za Kiarabu be na ye zinavyofanana mwanzoni mwa neno: be ina nukta moja chini, ye ina mbili. Nukta hizo zimeacha alama angani hadi leo.

Katika nyota ambazo Wagiriki waliziita Orioni, Waarabu wa kale walimwona mtu, wakamwita Jauza. Nyota moja ya juu ikawa yad al-jauza, mkono wa Jauza. Ya chini ikawa rijl al-jauza, mguu wake. Mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, alikamilisha kitabu kilichoyaweka majina ya Waarabu pamoja na elimu ya nyota ya Mgiriki Ptolemy. Elimu hiyo ilipofasiriwa kwa Kilatini, ye ya yad ikasomwa be, na mkono ukaishia kuwa Betelgeuse. Mguu ulisalimika: Jauza aliachwa njiani, likabaki neno la kwanza tu, Rigel.

Mwaka 1603 Mjerumani Johann Bayer alichapisha ramani zake za anga, akaipa Betelgeuse herufi ya kwanza, alfa, na Rigel ya pili, beta. Naona aliipunja, kwa kuwa kwa kawaida Rigel ndiyo inayong'aa zaidi. Jina lake lilithibitishwa rasmi na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 2016.

Rangi yake, nyeupe ya buluu, ina maana. Muulize mhunzi: chuma chekundu hakijafikia moto wa chuma cheupe. Nyota nazo ni hivyo hivyo, na zilizozidi moto huelekea buluu. Uso wa Rigel una joto la nyuzi kama 12,000, Jua letu kama 5,500. Uzito wake ni takriban Jua 20, na upana wake ni zaidi ya mara 70 ya Jua. Ukubwa huo ndio unaoimaliza. Ina umri wa miaka milioni chache tu, na tayari haidrojeni ya kiini chake imekwisha. Mwisho wake ni kulipuka.

Iko mbali kiasi cha miaka 860 ya mwanga. Nuru tunayoiona iliondoka huko kabla kasri la Husuni Kubwa halijajengwa Kilwa.

Ukiwa Mafia katikati ya Januari, saa 4 usiku, inua uso juu kabisa. Nyota ile ya utosini ndiyo mguu wa Jauza.