Historia ya Cheche: Umeme wa Kuwashia Magari ya Kale

Fundi aliyeletewa gari la zamani lililokataa kuwaka, kabla hajashika bisibisi wala koleo, yampasa kuuliza liliundwa mwaka gani. Kwani kila zama ya watengenezaji magari ilikuwa na hila yake ya kupata cheche ya kuwashia petroli, na kila hila ilizaliwa pamoja na ila yake, hata asiyeijua historia ya mtambo huo aghalabu huitafuta kasoro mahali isipokuwapo.

Gari la magurudumu matatu ambalo Karl Benz alilipatia hataza huko Ujerumani mwaka 1886 liliwashwa kwa betri na koili. Walakini betri za siku zile zilikuwa dhaifu, na garini hamkuwa na chombo cha kuzijaza. Kwa sababu hiyo karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart ikaishika njia ya magneto, yaani mashine ya sumaku izungushwayo na injini yenyewe na kuzalisha umeme wake pasipo msaada wa betri; na mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, akaikamilisha magneto ya volti nyingi iendayo pamoja na plagi. Henry Ford naye, katika Model T ya mwaka 1908, alizifunga sumaku kwenye gurudumu zito la injini, akaweka koili nne ndani ya sanduku la mbao, kila silinda na yake. Ndiyo maana gari hilo likikohoa leo, mjuzi hulitazama pia sanduku, kwa kuwa mbao iliyonyonya unyevu huuvujisha umeme kabla haujafika kwenye plagi.

Aliyeirudishia betri heshima yake ni Mmarekani Charles Kettering wa Dayton, Ohio, ambaye mtambo wake wa kuwashia ulifungwa katika Cadillac za mwaka 1910, na stata yake ya umeme ikafuatia katika zile za mwaka 1912, ikawaokoa madereva na hendeli ya kuzungushia injini, iliyozoea kurudi nyuma kwa ghafla na kuwavunja mikono. Katika mtambo huo pointi mbili za chuma, zifungukapo, huukata umeme mdogo wa betri, na kukatwa huko ndiko kunakoifanya koili itoe maelfu ya volti, ambazo distribyuta huzigawia plagi moja moja kwa zamu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 kila sekunde. Si ajabu, basi, pointi kuchakaa.

Kutafuta hitilafu katika mtambo wa namna hii ni kuufuata umeme hatua kwa hatua, kama mkulima afuatavyo maji ya mfereji hata apaone palipobomoka. Taa ndogo ya kupimia yatosha kuonyesha kama umeme umefika kwenye koili; pengo la pointi, ambalo katika magari mengi ni kama milimita 0.4, hupimwa kwa kibamba chembamba cha chuma. Pointi zilizoungua upesi humtia fundi shaka juu ya kondensa izilindayo. Gari lizimalo likipata moto na kuwaka tena likipoa humwelekeza kwenye koili. Na lile linalogoma asubuhi za umande humpeleka kwenye kifuniko cha distribyuta, akakitazame kama kina ufa.

Hivyo ndivyo yalivyohudumiwa magari yaliyokata vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika katika mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, ikiwamo Peugeot 404 iliyoshinda mwaka 1963, na tena miaka mitatu mfululizo tangu 1966.

Mtego mkubwa umo upande wa kuchaji. Magari mengi ya Uingereza, hata katika miaka ya 1960, yalifungiwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo, ilhali Volkswagen Beetle ilitumia volti 6 kwa muda mrefu. Wakati huohuo dinamo ilianza kuondoshwa na alteneta, ambayo Chrysler iliifunga katika Valiant ya mwaka 1960; na madhali alteneta ina diodi, atakayeigeuza betri kwa mazoea huziunguza papo hapo.

Katika miaka ya 1970 transista ikaziondosha pointi, na udhia wa kurekebisha pengo ukakoma. Lakini transista aghalabu hufa bila ya dalili, wala haitengenezeki kando ya njia. Mtambo wa Kettering ulidumu zaidi ya miaka sitini kwa kuwa maradhi yake mengi huacha alama ionekanayo kwa jicho, na ndiyo sababu gari lenye pointi hurekebishwa palepale lilipozimikia, mahali ambapo lililo jipya zaidi lingesubiri kipuri.