Habari ya haraka: namna redaksio ya radio inajitayarisha mbele ya jambo kutokea

Tarehe 8 Julai 2011, ndege Boeing 727 ya kampuni Hewa Bora, iliyotoka Kinshasa, ilianguka karibu na uwanja wa Bangoka, hapa Kisangani, wakati wa mvua kali. Watu zaidi ya 70 walikufa. Ile siku hesabu ya wafu iliyotangazwa ilibadilika mara nyingi. Kwa familia iliyokuwa inangoja mtu wake, kila hesabu ilikuwa pigo jipya.

Ndiyo maana redaksio nzuri haingoji jambo litokee ndipo ianze kutafuta.

Kaye ya nimero. Hopitali, Msalaba Mwekundu, polisi, uwanja wa ndege, komini zote 6 za muji. Nimero zinaandikwa kwa karatasi, sababu umeme ukikatika telefone inazimika. Zinajaribiwa mara kwa mara.

Karatasi za historia. Mfano: Vita vya Siku Sita kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, ao mzozo wa Wambole na Walengola juu ya udongo, uliowaka 2023. Zikiwa tayari, mwandishi anaongeza tu kilichotokea leo.

Kugawa kazi. Mmoja anaenda pahali pa tukio, mmoja anapiga simu, mmoja anaandika. Mkubwa wa redaksio anasoma mbele ya kupitisha. Kwa Lubunga, ng'ambo ya mto, inafaa kuwa na mtu anayekaa kule kule, sababu kuvuka na pirogi kunakula muda.

Tangazo la kwanza ni fupi. Nini, wapi, saa ngapi, nani amesema. Kisichojulikana bado, kinasemwa wazi ya kwamba hakijulikani. Vyanzo viwe viwili. Watu wawili waliosoma ujumbe mmoja wa WhatsApp ni chanzo kimoja tu. Majina ya wafu yanangoja familia ziambiwe.

Pale penye mzozo, kutaja kabila bila uhakika kunaweza kuleta kisasi usiku ule ule. Hapo kuchelewa dakika 20 ni afadhali.

Na wewe msikilizaji, ukiita radio, tenga mambo mawili: uliyoona kwa macho yako, na uliyosikia kwa wengine. Ile inasaidia redaksio kuenda mbio bila kudanganya watu.