Nuru ya Mto: Mchoraji Fernand Allard l'Olivier

Mwaka 1874, Claude Monet na wenzake walifanya maonyesho yao ya kwanza mjini Paris. Walikuwa wametoka nje kuchora mashamba na mito jinsi jua lilivyoangaza saa ile ile: mapigo mafupi ya brashi, na vivuli vya buluu badala ya vyeusi. Wakaitwa Waimpresionisti.

Mapenzi hayo ya nuru yalifika kwenye mto wetu, Kongo, pamoja na Mbelgiji Fernand Allard l'Olivier, aliyezaliwa Tournai mwaka 1883 na kusomea Paris. Alizuru nchi ya Kongo mwaka 1928, kisha akaja tena. Juni 1933 alitumbukia mtoni huko Yanonge, upande wa chini wa mto kutoka Kisangani, akafa maji.

Mto huo huo, ukiitwa Lualaba, unapita pia Ubundu, zamani Ponthierville, mji uliounganishwa na Kisangani kwa reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko ya Boyoma. Lakini picha tulivu za mto za enzi hiyo ya ukoloni mara nyingi ziliacha nje kazi ya shuruti. Ukiona mto uliotulia kwenye picha, uliza pia nani alipiga kasia.

Vijana wa mkoa wetu wa Tshopo, chukueni rangi mkauchore Lualaba pamoja na watu wake.